Sabufa ya mtumba na plagi iliyokatwa: wauzaji andikeni volti

Mhariri, salamu na poleni na kazi.

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua siku hizi siasa na mpira vimejaa humo mpaka pembeni ila na sisi wa mziki tuna yetu, na hili langu limenikaa kooni tangu mwezi wa nne, nimelisimulia kijiweni mpaka watu wakiniona nakuja wanaanza kuaga. Sasa nimeona niwaletee nyie, maana nyie hamuwezi kunikimbia.

Iko hivi. Nilikuwa natafuta sabufa. Sio hizi za plastiki zenye taa za disko na sehemu ya kuchomeka flashi zinazouzwa kila kona, hapana, mi nilitaka lile boksi zito la mbao ambalo kwa nyuma lina amplifaya yake lenyewe, unalichomeka ukutani, unalipa waya mmoja tu kutoka kwenye risiva, linapiga besi na kazi nyingine halina. Kule Marekani na Ulaya mtu akihama nyumba au akibadilisha hom thieta anayatoa, yanapakiwa kwenye kontena pamoja na mafriji na baiskeli na magodoro, yanafika kwetu, na wengi tunajua lile boksi la zamani la kule mara nyingi lina mbao nzuri na spika nzuri kuliko kitu kipya cha bei ileile. Hapo sina ubishi, mtumba mi naupenda na nitaendelea kuununua, isije ikaeleweka kwamba naandika kuwafungia watu biashara.

Basi winga, yaani dalali wa mtaani, akanidaka mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo, nikamwambia shida yangu, akanipeleka duka moja ndani ndani huko. Kweli nikaikuta. Boksi jeusi, spika ya inchi 10 inaangalia mbele, mpira wa pembeni mzima haujapasuka, chini yake tundu la kupumulia, kwa nyuma bati la alumini lenye nobu mbili na swichi ndogo. Plagi ni ya pini tatu kama zetu hizi. Kijana wa dukani akaiweka mezani akachomeka, akafungulia singeli, meza ikatetemeka, glasi ya chai ya jirani yake ikaanza kutembea yenyewe. Mi mwenyewe kifua kikatetemeka, na mtu akishatetemeka kifua akili ya kuuliza maswali inakuwa imeshaondoka. Kitu kimoja nilikiona na nikakipuuza: chini ya meza kulikuwa na dude la chuma kama tofali mbili zimebanana, linavuma mmmm, na waya wa sabufa umepita upande ule. Nikajua stebilaiza. Kila duka lina stebilaiza.

Alianzia laki mbili na nusu, tukamalizana laki na elfu themanini, winga na chake juu. Risiti niliyopewa ni karatasi ya daftari imeandikwa sabufa moja, bei, na chini yake mali ikishauzwa hairudishwi.

Nimefika nyumbani Tandika saa moja usiku, watoto wamekaa kwenye mkeka wanasubiri, mama Salma kasimama mlangoni kakunja mikono kwasababu hela ile ilikuwa na kazi nyingine kwenye mipango yake. Nikachomeka. Ikaanza kuvuma. Sio besi, mvumo tu, mzito, kama nyuki wapo kwenye debe. Nikasema labda inajipasha moto. Mkono wangu haujafika hata kwenye nobu ya sauti nikasikia paa! halafu tii kidogo, halafu kimya, af lile tundu la kupumulia la mbele likaanza kutoa moshi taratiiibu kama mtu kajificha ndani anavuta sigara, na harufu yake kama samaki kaungua kwenye plastiki. Mama Salma akauliza kwa upole kabisa, "Baba Salma, hiyo ndo besi yenyewe?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nikarudi dukani nimebeba boksi kichwani. Kijana hakukasirika wala nini, kaniuliza swali moja tu. Mzee, hapa ilipiga au haikupiga? Nikasema ilipiga. Akasema basi ni umeme wa kwako. Na mi bila aibu nikaondoka naamini ni umeme wa kwangu, nikaanza kukagua soketi za nyumba nzima.

Miezi mitatu ile sabufa ikawa stuli. Iliwekewa kitambaa cha maua, juu yake ikakaa rimoti na chupa ya chai, na mama mkwe alivyokuja kutoka Korogwe alikuwa anaikalia, anasema ni stuli imara sana hii mmenunua wapi. Laki na themanini, mhariri.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja kijana tu, kibanda chake kipo hukuhuku kwetu, nilimpelekea redio ya jirani akasikia nasimulia. Akaniambia mzee wangu ilete niione. Sasa angalieni kijana mwenye macho anavyofanya kazi, maana nilitegemea ataanza na bisibisi. Hakugusa bisibisi. Alishika plagi. Akaizungusha, akasema plagi hii ni mpya kuliko waya wake, imefungwa juzi, na huu waya mbona bapa, akausogeza kwenye taa, pembeni umechapwa vijiherufi vidogo vidogo, kaniambia soma hapo, nikasoma UL. Akasema hiyo alama ni ya Wamarekani, waya umezaliwa na plagi ya pini mbili bapa, mtu kaikata kakufungia hii ya kwetu. Kisha akageuza boksi nyuma, akaweka ukucha kwenye ile stika ya bei waliyobandika dukani, akaibandua polepole. Chini yake kumeandikwa 120V, 60Hz.

Nilikaa chini.

Kwa ambao hawajanielewa: umeme wa kwetu majumbani ni volti 230. Marekani ni 120, Japani ni 100. Uingereza ni kama sisi, na plagi yao ndo hii hii yetu, Dubai nako hivyo hivyo. Kitu cha Uingereza unachomeka unatumia, kitu cha Marekani cha volti 120 ukikichomeka kwetu moja kwa moja unakilisha karibu mara mbili ya chakula chake. Lile dude la chini ya meza halikuwa stebilaiza, lilikuwa transfoma ya kushushia umeme! Ndo maana dukani ilipiga. Swali la yule kijana, hapa ilipiga au haikupiga, lilikuwa swali la kweli kabisa na jibu lake lilikuwa la kweli, na bado nimepigwa mchana kweupe.

Lakini nikamuuliza fundi, fyuzi si ipo, kwanini haikukata? Maana hata mi najua kuna fyuzi. Ndo akafungua. Skrubu kumi, bati likatoka na mzigo wake wote umeshikana nalo kwa ndani, transfoma, bodi, hitisinki, kila kitu kimening'inia hapo kama ini kwenye ndoano. Fyuzi ilikuwepo. Ya kioo. Imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakti ya sigara. Yaani kuna mtu, sijui ni kule, sijui ni bandarini, sijui ni dukani, fyuzi ilimkatikia na yeye akaona dawa ni hiyo. Fyuzi ingekuwa nzima ingekufa yenyewe kwa shilingi mia tano na amplifaya ingekuwa na nafasi ya kupona. Karatasi ya sigara haikufa, ikapitisha kila kitu. Kapasita mbili kubwa, vile vikopo vinavyotunza umeme, zimeandikwa volti 50, na ndani ya boksi lile zilikuwa zinakaa na kama 40 hivi kwa raha zake, mi nilivyochomeka zikapewa karibia 80, vichwa vyao vimefumuka kama mahindi ya bisi, na yale maji maji yake ndo ile harufu ya samaki. Aisii ya kutoa sauti, yaani chipu yake, ina tundu katikati. Transfoma yenyewe koili imeiva nyeusi, ukiikwangua inadondoka unga.

Fundi akasema amplifaya imekufa na haifufuki. Nikawa nainuka niondoke, akanivuta shati. Mzee kaa, nimesema amplifaya, sijasema sabufa.

Hapa ndo ninapotaka wasomaji wenzangu mnisikilize maana hata mi nilikuwa sijui, nilikuwa naona ni kitu kimoja. Sabufa ya namna hii ni vitu vitatu ndani ya kimoja, boksi, spika na amplifaya, na kinachokufa mara nyingi ni hicho cha tatu. Boksi la mbao litakufa na nini? Akachomoa zile waya mbili za spika, akapima na mita, ikasoma omu 3.4, omu ni kipimo cha jinsi koili inavyouzuia umeme, akasema hiyo ni spika ya omu 4, mita siku zote inasoma pungufu kidogo, koili nzima. Halafu akatoa betri ya rimoti, ile ndogo ya volti moja na nusu, akagusisha waya nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, ile karatasi ya spika ikaruka mbele tup, akaachia ikarudi tup. Kisha akaniambia weka vidole vyako pande zote za karatasi, sukuma ndani taratibu kwa usawa, sikiliza. Nikasukuma. Kimya, laini kabisa kama unasukuma godoro. Akasema ingekuwa koili imeungua ungesikia inakwaruza. Betri ya rimoti na vidole vya mtu, vipimo viwili visivyo na gharama yoyote, na mi nimekalisha kitu kizima miezi mitatu chini ya mama mkwe.

Kibandani kwake kulikuwa na masabufa mengine matano nyuma ya pazia, yeye anapaita mochwari. Nikamwambia nionyeshe basi wamekufa na nini hawa. Mmoja alikuwa wa volti 230 kabisa halali kutoka Uingereza, na huyo kauliwa na gundi! Viwandani wanamwaga gundi ya rangi ya maziwa kushikilia kapasita zisitikisike, miaka inapita, joto linaiva, gundi inageuka kahawia na ikishakuwa kahawia inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vitu vilivyo jirani, pale ilikuwa imekula mguu wa rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, mpaka umekatika. Mwingine solda zimepasuka duara ndogo kuzunguka mguu wa kapasita, unahitaji lenzi kuziona, kisa ni mtetemo, maana fikiria wewe ni bodi ya umeme umefungiwa ndani ya ngoma na ngoma inapigwa kila siku, lini utapona? Wa tatu rilei tu, ile swichi inayoendeshwa na umeme, imechoka. Wa nne tranzista za kutoa sauti zimeshika, yaani zinapitisha umeme bila kuuzuia, umeme wa moja kwa moja ukaenda kwenye spika, spika ikasukumwa nje ikabaki imetokeza kama jicho la chura mpaka koili ikaungua, huyo ndo aliyekufa kweli kweli, boksi tu limebaki. Wa tano alikuwa ndugu yangu, 120 na plagi imekatwa. Na karibu wote, kaniambia, wenyewe walikuwa wanaacha zimechomekwa usiku na mchana mwaka mzima kwasababu zina ile ya kujiwasha zenyewe zikisikia mziki, kumbe hata zikilala sehemu ya umeme inabaki macho, ya moto, ndani ya boksi lisilo na dirisha.

Sasa nikamuuliza tunafanyaje. Kurudisha bodi ileile akakataa, mchoro wake hana, transfoma imeungua, na tranzista nyingi za mtaani zina jina la Toshiba mgongoni lakini tumboni wanajua wenyewe. Kuna wanaosuka transfoma upya lakini shaba sa hivi bei yake utalia. Kuna njia ya kuagiza bati zima jipya na amplifaya yake, nikampigia mpwa wangu yupo Houston, akaangalia akasema yapo, ya wati 250 kwa mfano, ila ni zaidi ya dola 100 bado usafiri, na upime kwanza urefu na upana wa tundu na kina cha boksi lako maana likija halitoshi ni kazi ya seremala tena. Nikaona hapana, hiyo inapita bei ya sabufa yenyewe.

Tukaenda na njia ya tatu, njia ya Kariakoo. Bodi ndogo kama kiganja, ya mono, ina nobu ya sauti na nobu ya kukatia besi, aisii yake imeandikwa TPA3116 ambayo ni ya Texas Instruments, au walau ndivyo ilivyoandikwa. Na pawa saplai ya volti 24 ampea 6, lile kopo la bati la matundu wanalofunga kwenye mabango ya taa. Bodi elfu arobaini na tano, pawa saplai elfu thelathini na tano, fundi elfu thelathini. Bodi imechapwa wati 100 kwa herufi kubwa na hapo fundi alinifurahisha, maana wengine wangenyamaza. Kasema mzee hizo wati 100 ni ukiwa na spika ya omu 2, yako ni omu 4, kwa volti 24 hii ukibahatika utapata kama 70 hivi. Nikamwambia ile ya zamani ilikuwa imeandikwa 150! Akasema ndiyo, na sikio lako litaona tofauti ya desibeli tatu, kama mtu aliyepunguza sauti kidogo, nusu ya wati sio nusu ya kelele. Nikaona hii elimu ingenisaidia miaka mingi iliyopita. Kitu kingine volti 24 usiongeze kwa tamaa, aisii ile mwisho wake ni 26.

Alinipa kiti nikaangalia kazi yote. Bati la zamani hakulitupa, alilivua kila kitu likabaki tupu, akafunga bodi mpya kwa ndani, nobu zikatokea kwenye matundu yaleyale, mengine yaliyobaki wazi akayaziba kwa vipande vya bati na gundi ya silikoni. Kwanini ahangaike na vitundu vya penseli? Kasema besi ni upepo, boksi likivuja utasikia fyuu fyuu kila ngoma ikipigwa na nguvu inapotea, kwa hiyo akazungusha na sponji ya kubandika ya milangoni kwenye ukingo wote kabla hajarudisha zile skrubu kumi. Ndani akarudisha ile pamba jinsi ilivyokuwa. Fyuzi akaweka mpya ya saizi yake, akaichukua ile ya karatasi ya sigara akaitundika kwenye msumari ukutani, inaonekana ana mkusanyiko wake.

Kuwasha hakuwasha hivi hivi. Ana taa ya njano ya wati 100, ile ya waya ndani tuliyokuwa nayo zamani, kaifunga katikati ya njia ya umeme, kwa hiyo umeme kabla haujafika kwenye kazi unapita kwenye taa kwanza. Kama kuna kitu kimeshika ndani taa inawaka full na kazi haiungui. Ikawaka mara moja ikazimika ikabaki wekundu mdogo tu. Akacheka. Kasema taa hii ina miaka sita na anailinda kuliko simu maana kuipata nyingine siku hizi shida, kila mtu anauza LED. Na kabla ya hapo, alipokuwa anafungua pawa saplai kunionyesha, mkono mmoja aliuweka mfukoni. Umeme wa 230 ukishanyooshwa kwenye kapasita unakuwa kama volti 325 na unabaki humo hata ukichomoa ukutani, ye anaumaliza kwa rezista nene, hatumii bisibisi kupiga cheche kama wengine. Kwa hiyo kama wewe sio fundi usome tu barua hii usiende kufungua la kwako, betri ya rimoti inatosha.

Kurudi nyumbani safari hii mama Salma alikuwa kasimama mbali kidogo, kashika ndoo ya maji. Nikachomeka. Kimya, kataa ka bluu kakawaka. Nikaweka rumba. Besi ikaja lakini nyembamba, kama inatoka chumba cha jirani, nikampigia fundi kwa unyonge, akasema rudi nyuma ya bati geuza waya za spika, nyekundu ikae pa nyeusi. Nikageuza. Ee bwana wee. Kumbe spika za mbele zilikuwa zinasukuma upepo na hii inavuta, zinakulana zenyewe kwa zenyewe, sasa zikasukuma pamoja. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi unaanzia hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika zangu ndogo za mbele zilikuwa hazijawahi kuufikia, mi nimesikiliza nyimbo zile miaka thelathini sikujua mpiga besi kule chini alikuwa anafanya nini. Ile nobu ya kukatia besi nimeiweka kama hezi 80 hivi, nikipandisha zaidi sauti za waimbaji zinaanza kutokea kwenye pembe ya chumba kwa sabufa, haipendezi.

Kasoro ipo moja nisifiche. Amplifaya ya kiwandani ilikuwa inalijua boksi lake, ilikuwa na namna ya kuizuia spika isipitilize, hii mpya haijui kitu, ukipandisha sana koili inagonga kwa ndani tak tak. Fundi alikuja akasikiliza, akapandisha polepole mpaka ikaanza kugonga, akarudisha nyuma kidogo, akaomba rangi ya kucha ya Salma akaweka alama nyekundu kwenye nobu. Hapo ndo mwisho. Na kujiwasha yenyewe hakuna tena, tunazima ukutani.

Sasa kwa wauzaji, na hasa nyie mnaofungua makontena. Ukinihesabia, laki na themanini nyie, laki na kumi ukarabati, na miezi mitatu ya stuli, nimetumia laki mbili na tisini. Mngeniambia mzee hii ni ya volti 120 inataka transfoma ya kushushia, unadhani ningekimbia? Ningeombea punguzo la transfoma, ningenunua, na sa hivi nisingekuwa nawaandika gazetini. Ile inayopiga mngeiuza na hata iliyokufa mngeiuza vilevile, muandike tu kwa chaki amplifaya mbovu spika nzima, mi na yule fundi tutakuja asubuhi na mapema, na bei yake tutaelewana. Plagi msikate. Plagi bapa ndo onyo lenyewe, mtu akiiona anauliza, na mkishaikata mnakuwa mmemfunga macho. Na stika ya bei bandikeni hata mbele kwenye spika, sio juu ya maandishi ya volti, nyuma pale pana nafasi kubwa tu sijui kwanini kila nikipita nakuta stika imekaa palepale.

Na nyie wanunuzi wenzangu, dakika mbili za singeli sio majaribio. Fuata waya kwa macho kutoka kwenye kitu mpaka ukutani, ukikuta umepita kwenye dude uliza dude ni la nini. Bandua stika. Omba iachwe inapiga nusu saa wakati mnabishana bei, maana amplifaya mbovu nyingi zinapiga vizuri zikiwa za baridi. Mwambie aandike volti kwenye risiti, akikataa hapo ushajua. Najua ipo sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inayogusa mambo ya kumdanganya mlaji ila kwa karatasi ya daftari isiyo na hata jina la duka utaanzia wapi.

Mhariri, mkiwa na mwandishi mwenye nafasi mtumeni siku moja apite tu kuangalia chini ya meza. Mi juzi nilipita duka lile nikitokea kununua waya, yule kijana hakunikumbuka, kaniita bosi karibu. Juu ya meza kulikuwa na sabufa nyingine, ya inchi 12, inapiga, na kuna baba mmoja kasimama mbele yake na mke wake, anatabasamu kifua kinatetemeka. Nikainama kama nafunga kamba ya kiatu. Dude lipo, linavuma mmmm. Nikamgusa yule baba bega nikamwambia kaka, samahani, hebu bandua hiyo stika.

Msomaji wenu,
Baba Salma,
Tandika, Dar es Salaam